Mungu wa Biblia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kwenye vipindi vya Biblia, kwenye jumuiya ndogondogo, msibani, na hata ndani ya daladala mtu akikuona umeshika Biblia. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine yanatosha kwa sentensi chache. Nukuu ni za Union Version, ambayo wengi wetu tumekua nayo. Sura na mistari imetajwa ili ufungue na kuhakikisha mwenyewe.

Biblia inasema Mungu ni nani hasa?

Ukimtafuta Mungu katika Biblia kama unavyotafuta neno kwenye kamusi, utatoka mikono mitupu. Biblia inasimulia. Mungu anamwita Abrahamu, anabishana na Musa, anawatoa watu Misri, anawakasirikia jangwani, anawasamehe, anawakasirikia tena. Mahali panapokaribia kuwa maelezo kamili ni Kutoka 34. Musa amepanda Sinai mara ya pili, mbao za kwanza zimeshavunjika kwa ajili ya ndama wa dhahabu, na Mungu anajitangaza: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." Mstari wa 7 unaongeza kwamba husamehe uovu, ila mwovu hamhesabii kuwa hana hatia, na huwapatiliza watoto uovu wa baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne.

Huruma na hukumu zimewekwa kwa pumzi moja, na hakuna anayeeleza zinakaaje pamoja. Waandishi waliofuata waliirudia kauli hii sana: Hesabu 14, Nehemia 9, Zaburi 86, 103 na 145, Yoeli 2. Mara nyingi kila mmoja huchukua kipande anachokihitaji. Yona anachukua huruma, tena kwa kulalamika: katika Yona 4:2 anamwambia Mungu kwamba ndiyo sababu alikimbilia Tarshishi, kwa kuwa alijua fika watu wa Ninawi, mji wa adui zake, watasamehewa. Nahumu naye anaizungumzia Ninawi hiyohiyo. Anaanza na maneno yaleyale, kwamba BWANA si mwepesi wa hasira, halafu anageukia upande wa pili: mwenye hatia hatamwacha bila adhabu (Nahumu 1:3). Na Ninawi ilianguka kweli, mwaka 612 kabla ya Kristo. Manabii wawili, mji mmoja, kauli moja, na kila mmoja kafika kwake. Waliokusanya maandiko hawakumfukuza hata mmoja. Katika Biblia yako wametenganishwa na Mika tu.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya theolojia ni kazi ya kukaa na sauti hizo zote bila kuinyamazisha mojawapo. Na makosa mengi ya theolojia ni ya mkasi: mtu anakata anachokipenda, anabaki na Mungu wa saizi yake.

Mungu wa Agano la Kale ndiye yuleyule wa Agano Jipya?

Swali hili lina umri wa karibu miaka 1,900. Marcion, tajiri wa meli kutoka Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, aliwafundisha Wakristo wa Roma kwamba muumba wa Agano la Kale ni mungu mwingine, wa sheria na adhabu, na kwamba Baba wa Yesu alikuwa hajulikani kabisa hapo kabla. Akatengeneza Biblia yake: Injili ya Luka iliyopunguzwa na barua kumi za Paulo, zenyewe pia zimepunguzwa. Kanisa la Roma lilimtenga mnamo mwaka 144.

Wachache leo watakubali kuitwa wafuasi wa Marcion, lakini sikiliza mahubiri ya mwaka mzima katika makanisa mengi uhesabu ni mara ngapi Agano la Kale linafunguliwa zaidi ya Zaburi, Malaki 3 na kisa cha Daudi na Goliathi. Tena mkasi wa Marcion haukumfanikisha hata yeye. Katika Luka kuna hukumu ya kutosha (soma 13:1–9), na katika Hosea 11 kuna upole ambao ni wachache waliowahi kuuandika: Mungu anamfundisha Efraimu kutembea, anamshika mikono, na moyo wake unakataa kumwangamiza.

Kama Mungu habadiliki, mbona anajuta?

Fungua 1 Samweli 15. Mstari wa 11, Mungu anasema anajuta kumtawaza Sauli. Mstari wa 29, Samweli anamwambia Sauli kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Mstari wa 35, msimulizi anafunga sura kwa kusema BWANA alijuta. Sura moja! Mwandishi hakusahau alichokiandika mistari sita nyuma.

Wanatheolojia waligawanyika hapa. Musa Maimonides, Myahudi aliyeishi Misri karne ya 12, alishikilia kwamba hasira, mkono na majuto ya Mungu ni lugha iliyoshushwa ili tuielewe, na kwamba usalama uko katika kusema Mungu *si* nini. Thomas wa Akwino, karne moja baadaye, aliona kwamba maneno yetu yanamgusa Mungu kweli, ila kwa kufanana, si kwa kulingana. Upande mwingine yupo rabi Abraham Joshua Heschel, mkimbizi aliyetoka Ulaya ya Wanazi akaishi Marekani. Yeye alisema ukiondoa hisia za Mungu, manabii hawaeleweki tena: Amosi hapigi kelele kwa sababu amesoma kanuni ya maadili, anapiga kelele kwa sababu Mungu ameumia maskini anapouzwa kwa jozi ya viatu. Mwaka 1965 Heschel alikuwa mstari wa mbele pamoja na Martin Luther King kwenye maandamano ya Selma ya kudai haki za watu weusi. Mtu anayeamini Mungu anaumia hawezi kukaa nyumbani kwa urahisi.

Mimi naegemea kwa Heschel, ila namweka Maimonides karibu, maana Mungu mwenye hisia huchukua haraka sana sura ya hisia zangu mimi.

Waisraeli waliamini Mungu mmoja tangu mwanzo?

Walitakiwa kumwabudu mmoja tangu mwanzo. Kuamini kwamba hakuna mwingine kabisa ni jambo lililokomaa polepole, na Biblia haifichi safari hiyo. Wimbo wa Musa unauliza ni nani katika miungu aliye kama BWANA (Kutoka 15:11). Zaburi 82 inamwonyesha Mungu akisimama katikati ya miungu na kuihukumu. Mfalme Yosia, karne ya saba kabla ya Kristo, anakuta Ashera, sanamu ya mungu wa kike, ndani ya hekalu la Yerusalemu lenyewe, anaitoa na kuiteketeza (2 Wafalme 23:6). Huko Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, wanaakiolojia walichimbua miaka ya 1975 na 1976 vipande vya mitungi ya karne ya nane kabla ya Kristo vilivyoandikwa baraka kwa jina la "BWANA wa Samaria na Ashera yake". Kwa hiyo manabii hawakuwa wanapigana na kivuli.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 586 kabla ya Kristo: Yerusalemu ikachomwa, hekalu likabomolewa, watu wakapelekwa Babeli. Kwa hesabu za dunia ya wakati ule, mungu wa taifa lililoshindwa ameshindwa naye. Isaya 40 hadi 55 inageuza hesabu hiyo juu chini: BWANA hakushindwa, na hao wengine si kitu. Katika 45:7 anasema yeye ndiye anayefanya nuru na giza, suluhu na ubaya.

Hapo ndipo linapozaliwa swali zito kuliko yote. Mwenye miungu mingi akipatwa na baya, anajua kuna mwingine wa kulaumiwa. Mwenye Mungu mmoja hana pa kupeleka lawama. Linganisha 2 Samweli 24:1 na 1 Mambo ya Nyakati 21:1. Kisa ni kilekile, Daudi kuhesabu watu. Katika Samweli hasira ya BWANA ndiyo iliyomchochea; katika Mambo ya Nyakati, kilichoandikwa baada ya uhamisho wa Babeli, ni Shetani. Unaweza kumwona mwandishi wa Mambo ya Nyakati akihangaika na swali lilelile unalohangaika nalo wewe.

Sasa mbona msibani tunaambiwa "kazi ya Mungu haina makosa"?

Tunaambiwa kwa upendo, na wafiwa wengi hulishika neno hilo wakapata nguvu ya kufika makaburini. Sitalibeza. Ila huambatana na Ayubu 1:21: "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa." Hiyo ni sura ya kwanza. Kitabu kina sura 42.

Sura ya 2 rafiki zake watatu wanakaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. (Hilo ndilo jema walilolifanya, wangeishia hapo.) Sura ya 3 Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Tangu hapo anamshitaki Mungu waziwazi, anadai kesi, anadai majibu, huku Elifazi, Bildadi na Sofari wakimtetea Mungu kwa hoja ambazo ungezisikia leo kwenye mimbari yoyote: umetenda dhambi mahali, tubu, mambo yatakaa sawa. Mwishoni Mungu mwenyewe anatoa hukumu (42:7). Anawakasirikia watetezi wake, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu.

Kwa hiyo mjane anayeuliza "kwa nini, Mungu?" hajakufuru. Yumo ndani ya Biblia, na yuko upande wa Ayubu. Yesu msalabani hakunukuu Ayubu 1, alinukuu Zaburi 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Anayekwenda kuhani na akakosa la kusema, akae kimya na wafiwa, asaidie kubeba viti na kuchota maji.

Je, kuna laana za ukoo?

Wanaouza maombi ya kuvunja laana za ukoo husimamia Kutoka 20:5, kizazi cha tatu na cha nne. Wangesoma hadi mstari wa 6 wangekuta rehema kwa "maelfu elfu".

Tena watu wa uhamishoni walikuwa na methali yao kuhusu jambo hili: baba wamekula zabibu kali, watoto wanakufa ganzi la meno. Walimaanisha kwamba wanateseka kwa dhambi za waliowatangulia. Ezekieli 18 nzima ni jibu kwa methali hiyo, na Mungu anaipiga marufuku. "Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Yeremia 31:29–30 inasema hivyohivyo. Na wanafunzi walipomwuliza Yesu kuhusu kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, alijibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3).

Hii haina maana kwamba makosa ya wazazi hayaachi alama. Baba mlevi huwaachia watoto njaa, madeni na hofu, na hayo huchukua miaka kupona. Lakini binti wa miaka 30 ambaye hajaolewa, anayeambiwa atoe sadaka nono ili madhabahu ya bibi yake ivunjwe, anauziwa Mungu ambaye Ezekieli alishamkana.

Kuumbwa kwa mfano wa Mungu kunamaanisha nini?

Watu wamejibu mengi: akili, roho isiyokufa, uwezo wa kupenda. Lakini msikilizaji wa kwanza alisikia jambo la siasa. Mashariki ya Kati ya kale, mfano wa mungu alikuwa mfalme. Mwaka 1979 huko Tell Fekheriye, kaskazini mashariki mwa Siria, ilipatikana sanamu ya mtawala wa Guzana yenye maandishi ya Kiaramu na Kiakadi. Maandishi yanaiita sanamu hiyo kwa maneno mawili ambayo ni ndugu wa damu wa maneno ya Kiebrania ya Mwanzo 1:26, "kwa mfano wetu, kwa sura yetu". Sanamu ilisimama hekaluni kwa niaba ya mtawala ambaye hayupo.

Babeli nako walisimulia kwamba wanadamu walifinyangwa kwa damu ya Kingu, mungu mwasi aliyeuawa, ili miungu ipumzike na kazi ngumu zifanywe na watu. Sasa fikiria Waisraeli waliohamishiwa Babeli wakisikia Mwanzo 1: mfano wa Mungu ni mtu, mwanamume na mwanamke, kila mmoja. Cheo cha mfalme kimegawiwa mchunga mbuzi na mama wa nyumbani. Ndiyo maana Mwanzo 9:6 inakataza kumwaga damu kwa sababu hiyohiyo, na Yakobo 3:9 inashangaa ulimi unaomsifu Mungu kisha ukamlaani mtu aliyefanywa kwa mfano wake.

"Mkatawale" ya 1:28 imetumiwa vibaya kuhalalisha uharibifu wa mazingira, hilo ni kweli, na mwanahistoria Lynn White aliwashitaki Wakristo kwa hilo mwaka 1967. Sura ya pili inaeleza kazi yenyewe: bustani, "ailime na kuitunza".

Mungu ni mwanamume?

Hapana. Biblia humwita Baba, na Yesu alisali hivyo. Lakini Isaya 66:13 inamlinganisha na mama anayembembeleza mwanawe, Isaya 49:15 na mama anayenyonyesha, na Yesu alijilinganisha na kuku anayekusanya vifaranga (Mathayo 23:37). Aliyepigwa na baba yake tangu utotoni, asilazimishwe kuanza na neno Baba.

Jirani yangu Mwislamu anasema tunaabudu miungu watatu. Nimjibuje?

Mjibu kwa heshima, na anza na mnachokubaliana. Sura ya Ikhlas katika Kurani inasema Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Makanisa yetu hayafundishi kwamba Mungu alioa akapata mtoto, na Kumbukumbu la Torati 6:4 inasema "BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja."

Tofauti inaanza pale Wayahudi waliokuwa wakilikiri fungu hilo kila siku walipojikuta wanamwomba Yesu. Paulo, katika 1 Wakorintho 8:6, analichukua ungamo hilohilo na kumweka Yesu ndani yake: Mungu mmoja, Baba, na Bwana mmoja, Yesu Kristo. Miaka kama 270 baadaye Ario, padre wa Aleksandria, alisema Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko vyote lakini kiumbe. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325 ukakataa, na ule wa Konstantinopoli mwaka 381 ukaendeleza kuhusu Roho Mtakatifu. Neno Utatu halimo katika Biblia; lilitengenezwa ili kulinda mambo matatu yaliyomo, kwamba Mungu ni mmoja, kwamba Yesu anaabudiwa, kwamba Baba siye Mwana.

Jirani yako huenda asikubaliane. Si lazima mmalizane siku hiyo.

Wenye nguvu wamemtumiaje Mungu huyu?

Kwa mkasi halisi. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Sehemu kubwa ya Agano la Kale haimo. Kisa cha Waisraeli kukombolewa Misri kimeondolewa. Yusufu aliyeuzwa utumwani akatii kabakizwa. Waefeso 6, watumwa watiini mabwana zenu, imebakizwa pia. Wagalatia 3:28, hakuna mtumwa wala huru, haimo. Nakala moja imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville. Waliokata kurasa zile waliielewa Biblia vizuri kuliko wahubiri wengi. Walijua kabisa ni Mungu yupi wa hatari kwa shamba la miwa.

Afrika Kusini, walioutetea ubaguzi wa rangi kwa Biblia walisoma mnara wa Babeli kama amri ya kutenga mataifa, na Warumi 13 kama amri ya kutii. Mwaka 1985 wanatheolojia wa huko walitoa Waraka wa Kairos, wakasema mungu anayetajwa kwenye katiba ya serikali ile ni sanamu, mungu wa mabomu ya machozi na magereza. Kwao mgogoro ulikuwa wa siasa, na ulikuwa pia wa ibada: nani anaabudiwa?

Huenda ni sisi tuliomuumba Mungu kwa mfano wetu?

Ludwig Feuerbach, mwanafalsafa wa Kijerumani, alisema hivyo mwaka 1841: mtu huchukua yaliyo bora ndani yake, akayarusha mbinguni, akayapigia magoti. Hoja hiyo isipuuzwe, kwa maana Biblia iliitoa kwanza. "Ukadhani ya kuwa Mimi ni kama wewe," Mungu anasema katika Zaburi 50:21, na anawaambia watu wa ibada, si wapagani. Feuerbach anaeleza vizuri sana miungu tunayojitengenezea. Hamwelezi vizuri Mungu anayemtuma Yona kwa adui zake, kwa kuwa huyo Yona asingemtunga.

Mababu zetu walimjua Mungu kabla ya Biblia kufika?

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, alitumia maisha yake kujibu ndiyo, akikusanya majina na sala za mamia ya jamii za Afrika. Ngai, Ruwa, Nyasaye, Imana: wamisionari waliwakuta watu wanaomba tayari. Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga vikali, akisema wasomi kama Mbiti wanaivisha miungu ya Kiafrika kanzu ya Kigiriki ili ifanane na wa Wakristo. Nadhani p'Bitek alikuwa na haki kuhusu kanzu, na Mbiti kuhusu sala. Matendo 17, Paulo akiwa Athene, inamwunga mkono Mbiti kwa kiasi.

Nianzie wapi kusoma?

Usianze Mwanzo 1 ukidhani utafika Ufunuo bila kusimama. Wengi hukwama Mambo ya Walawi. Anza na Kutoka 32 hadi 34, kisha Hosea 11, kisha Luka 15. Ayubu soma sura 1 hadi 3, ruka hadi 38, umalizie, halafu urudi katikati ukiwa na muda. Yona ina sura nne tu, isome kwa mkao mmoja, na kabla hujafunga Biblia pitia Nahumu, ambayo ina sura tatu. Ukiwa na kikundi, kigawe sehemu mbili: nusu wamtetee Yona, nusu Nahumu, na mchungaji asiruhusiwe kusema hadi mwisho.